Dona, maharage na mgagani kwa mama ntilie wa Kirumba

Mwanza, mji wa sato na sangara, chakula cha mboga tupu hakipigiwi debe, unakiulizia. Magenge ya Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, hayakosi dona, maharage na mboga ya majani, na sahani hiyo huwa nafuu kuliko ya sato. Kiafya inalipa, tena sana, ila inategemea maharage yamepikwaje.

Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina takriban gramu 15 za protini na zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, ambazo hushusha lehemu mbaya na kufanya sukari ipande taratibu baada ya kula. Mpishi anayejua kazi huyaloweka usiku kucha, humwaga yale maji, kisha huyachemsha kwa moto mkali walau dakika 10 kabla ya kupunguza. Kuloweka hupunguza gesi tumboni na asidi ya faiti inayong'ang'ania madini ya chuma. Ule mchemko mkali ndio unaovunja lektini, sumu ya maharage yasiyoiva inayotapisha na kuharisha. Anayebania mkaa hutia magadi. Yanalainisha haraka kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, kitu ambacho mwenye presha hapaswi kuongezewa. Utayajua tu: maganda yamerojeka, mchuzi unateleza na una kaladha ka sabuni. Hapo agiza kunde au choroko, zinazoiva upesi bila msaada.

Mgagani wenye karanga ndio pambo la sahani hii. Mafuta ya karanga husaidia mwili kunyonya karotini ya majani, inayogeuka vitamini A. Shida ni uchungu wake: wengi huuchemsha na kumwaga maji, na vitamini C nyingi inaondoka na maji hayo. Kwa hiyo omba kipande cha ndimu ukamulie mezani, juu ya maharage pia, maana chuma cha mimea hakinyonyeki vizuri bila vitamini C. Chai ya rangi hufanya kinyume kabisa. Subiri saa nzima baada ya kula ndipo uinywe. (Kuna magenge yanakuletea chai hata hujaketi vizuri. Isogeze pembeni.) Mchuzi wa karanga ukiwa na uchungu wa uvundo, acha: karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu, na kupika hakuiondoi.

Dona yenyewe haina neno. Kiini na pumba vimebaki, tofauti na sembe. Kasoro ni kipimo: ugali unajaza sahani, mboga inawekwa kama kachumbari. Mwambie mama, "Nipunguzie ugali, niongezee mboga." Lengo ni nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo maharage; mwenye kisukari asilegeze hapo. Chumvi ya mezani usiiguse, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, na sehemu yake kubwa imeshaingia sufuriani.

Kama umeacha samaki kabisa, uliza kabla ya kupakuliwa. Kanda hii dagaa huingia kwenye mboga bila kutajwa, na upawa wa maharage unaweza kuwa umetoka kwenye mchuzi wa sangara muda huohuo. Kwa anayepunguza nyama tu, dagaa hao ni faida: wanaliwa na mifupa yao, wanaleta kalsiamu na vitamini B12. Asiyegusa samaki, nyama, mayai wala maziwa hataipata B12 kwenye sahani hii hata akila mara tatu kwa siku. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kila siku, na akiba ya kwenye ini inaweza kumfichia upungufu kwa miaka kabla ya ganzi ya miguu na upungufu wa damu kujitokeza. Huyo anunue vidonge vya B12 duka la dawa, na mjamzito au anayenyonyesha aonane na kliniki kwanza.