Mashine nzuri, karakana ya hovyo: yaliyonikuta na mashine ya boti isiyotaka kuwaka

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Mashine ninayoizungumzia ni ile ndogo ya farasi 15, tu-stroku (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli), ya kuvuta kamba, ambayo ukisimama ufukweni Kilindoni, huku kwetu kisiwani Mafia, alfajiri utaiona nyuma ya boti chungu nzima. Sifa zake mnazijua. Mimi naitumia kuvulia, na msimu wa papa potwe ukifika napeleka nayo wageni kuwaangalia. Hapo ndipo iliponiumiza. Mashine ikigoma mbele ya mvuvi mwenzio, atakucheka nawe utacheka. Lakini mgeni amelipa, amevaa jaketi la kuokolea, anakuangalia unavuta kamba mpaka shati limelowa, halafu anauliza kwa upole kama kuna shida. Aibu ile naomba isimpate mtu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi haiwaki. Unavuta, unapumzika, unavuta tena. Ikishawaka inakwenda, lakini ukiongeza mwendo inaanza kukohoa, kisha kimya. Ukikibinyabinya kile kipampu cha mkono kwenye mpira wa mafuta, inafufuka. Ukikiachia, inakufa. Siku moja ilinifanyia hayo pale mlango wa Kinasi, maji yanakupwa, na anayeujua mkondo wa pale hana haja ya kuelezwa. Kijana wangu alikaa chini akakikamua kipampu kama anakamua ng'ombe mpaka tukafika.

Na msije mkaniambia sikukagua. Kile kikamba cha usalama kinachofungwa mkononi kilikuwa mahali pake, maana kikichomoka hicho utavuta mpaka magharibi. Gia ilikuwa huru. Choki, ile ya kuongezea mafuta mashine ikiwa baridi, nilivuta. Skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi niliilegeza. Hii wengi huisahau, kipampu kinanywea chenyewe na mashine inakufa njaa huku tangi limejaa. Petroli nilimwaga, nikanunua ya kituoni, si ile ya madumu ambayo ukiiacha itulie unaona maji yamekaa chini. Nikafungua plagi zote mbili. Baada ya kuvuta kote kule, zilitoka kavu! Plagi ikitoka imelowa, mashine imelewa mafuta: unaikausha, unajaribu tena bila choki. Ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Cheche ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu. Basi ubaya uko mahali fulani kati ya tangi na kabureta. Mahali gani, sikujua, na ndiyo maana kuna watu wanaitwa mafundi.

Nikaivusha bahari mpaka Nyamisati, upande wa bara, nikapata gari la samaki hadi Dar, moja kwa moja kwenye karakana ya hao hao walioniuzia. Vigae vyeupe, kiyoyozi. Dada wa mapokezi, kusema haki, alinipa maji ya kunywa na kiti. Kisha akatoka fundi, ovaroli haina hata doa, macho kwenye simu. Shikamoo hakutoa, na umri wake ni wa kuwa mwanangu. Naanza kumweleza habari ya plagi kavu, ananikata.

"Mzee, nyie wa visiwani mnachanganya oili kwa kukadiria."

Nikamwambia lita 1 kwa lita 50 za petroli, kama kitabu kinavyosema, na kipimo ninacho. Akabetua mdomo. Ndipo akauona mpira wangu na tangi, tone limeshadondoka kwenye kigae. "Huo mpira peleka nje kwa mlinzi. Unavuja, utatuchafulia sakafu."

Yashikeni hayo maneno. Unavuja. Kasema yeye, kwa mdomo wake.

Wakaiingiza mashine kwenye pipa la maji, wakachomeka tangi lao na mpira wao, wakavuta, ikawaka. Hata jasho hawakutoka. Fundi akanigeukia: "Umeona? Mashine nzima. Tatizo mtumiaji." Hata hivyo wakaifungua kabureta ambayo haikuwa chafu, wakabadilisha plagi ambazo hazikuwa mbovu, na bili nikapewa mimi kwa kuwa waranti haihusiki na makosa ya mtumiaji. Laki na ushee. Nikalipa, mkono unatetemeka.

Nje mlinzi ananisubiri. Mtu wa Rufiji, nilimjua kwa lafudhi tu. Mpira wangu aliukingia kopo la maziwa, na ndani ya kopo mna petroli. "Kaka, huu unavujia hapa kichwani," akaniambia, akanionyesha kile kichwa kinachochomekwa kwenye mashine. Akabinya kipampu kikawa kigumu. Tukakitazama. Kikalegea taratibu, huku petroli inajikusanya ukingoni mwa kichwa, tone, halafu jingine. Mle ndani mna oringi, kipete chembamba cha mpira. Kilikuwa kimekakamaa na kupasuka. Mashine ikivuta mafuta, pale inavuta upepo. Ukilala, mafuta yanarudi tangini, asubuhi plagi kavu. Shida zangu zote zilikuwa zinatokea pale, na mtu aliyeziona hakuwa na ovaroli.

Nikarudi ndani na kopo langu mkononi. Nikamwekea fundi juu ya meza. Unajua alinijibu nini? "Sasa si umeshajua? Unataka tukufanyie nini tena?" Na oringi hawauzi peke yake, ninunue mpira mzima. Wallahi nilinyamaza, maana ningefungua mdomo ningetoka mle na polisi.

Kichwa kipya cha mpira nilikipata Kariakoo kwenye duka dogo la spea, muuzaji anakula muhogo, hakuuliza natoka kisiwa gani. Bei yake sitaki hata kuitaja. Nilikifunga mwenyewe jioni ile nilipovuka kurudi.

Nilipokaa kuandika hapa nilishaamua: nyota moja, mashine na wenyewe wote. Lakini nikijiuliza vizuri, mashine ina kosa gani? Sasa hivi inawaka kabla sijapanga miguu. Mashine basi nyota tano. Nne, maana mpira uliokuja nao ndani ya boksi ulipaswa kustahimili jua; mashine inauzwa pwani, na huku kwetu hatuna kivuli baharini. Nne na nusu, niwe mwadilifu.

Karakana nilitaka niwape mbili kwa ajili ya yule dada na maji yake. Nikakumbuka "nyie wa visiwani". Nikakumbuka kwamba walijaribu mashine na mpira wao, wakati mgonjwa mwenyewe wamemfukuza mlangoni asichafue vigae. Huo si ufundi. Mtoto wa shule anajua ukitaka kujua kinachougua, unakiwasha kama kinavyowashwa kwao, na tangi lake na mpira wake. Sifuri. Nyota ya dada apewe yeye mwenyewe, na mlinzi apewe mshahara wa fundi.

Anayeniuliza kama anunue, anunue tu. Mashine ya kuvutia nyavu na ya kupelekea wageni ni hii, na spea zake hata vijijini zipo. Mimi mwenyewe bado nina servisi moja ya bure kwao, imo kwenye bei niliyolipa, na sitawaachia. Nitaipeleka. Ila safari hii mpira wangu unaingia ndani, udondoke utakavyodondoka.