Bordeaux ya kulipia ikiwa bado pipani: inamfaa mnunuzi wa Mtwara?

Kusini tunaijua kangomba. Mwenye fedha anamfuata mkulima mwenye shida korosho zikiwa bado mtini, anamlipa kidogo, msimu ukifika anabeba gunia zake. Kununua mvinyo mwekundu wa Bordeaux ukiwa bado pipani, huduma ambayo Wafaransa wanaiita en primeur, kunafanana na hayo kwa jambo moja tu: fedha inatangulia, mzigo unafuata. Nguvu iko upande mwingine. Huku mwenye dhiki ni muuzaji. Kule muuzaji ni shamba lenye jina kubwa, ndiye anayepanga bei, na anayesubiri kwa miaka akibeba hatari zote ni mnunuzi. Kwa hiyo huduma hii naipima kwa swali moja: je, mnunuzi analipwa kwa kusubiri kwake?

Utaratibu wenyewe uko hivi. Zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Mwishoni mwa Machi na Aprili inayofuata, wanunuzi na waandishi wa mvinyo hukusanyika Bordeaux kuonja. Kuanzia hapo hadi Juni mashamba hutangaza bei, kila moja kwa siku yake, na mengine huuza kwa mikupuo: wa kwanza mdogo wa kupima soko, unaofuata bei imepanda. Shamba halikuuzii wewe moja kwa moja. Mvinyo hupitia kwa dalali, ambaye kwa desturi hupata asilimia 2, ukaenda kwa mfanyabiashara wa jumla wa Bordeaux, kisha kwa muuzaji wa London, Paris au kwingine, na huyo ndiye utakayemlipa. Bei ya mvinyo unailipa yote mapema. Usafiri, ushuru na kodi ni baadaye. Makasha huanza kumfikia muuzaji miaka 2 hadi 3 baada ya mavuno.

Kinachoonjwa Aprili si kile utakachokunywa. Ni sampuli ya miezi sita hivi, imetolewa kwenye pipa la mwaloni la lita 225, pipa linalotoa chupa 300. Rangi yake ni ya zambarau nzito, ladha ya mwaloni mpya iko mbele, na ule ukakasi unaokausha ufizi bado haujalainika. Mchanganyiko wa aina za zabibu, Cabernet Sauvignon na Merlot, unaweza kurekebishwa kabla ya kutiwa chupani. Sampuli pia huchoka haraka ikishatolewa pipani: ya asubuhi na ya jioni zinaweza kutofautiana. Ndiyo maana waonjaji makini hutoa alama kama 93 hadi 95 kati ya 100, wakasubiri chupa ndipo wakate neno. Tangazo likikuonyesha ile 95 peke yake, tafuta alama zote mbili, ya chini na ya juu, kabla hujatuma hata senti.

Kuhusu bei, historia inafundisha. Mvuno wa 1982 ulitajirisha walioununua mapema, na sifa hiyo bado inauza makasha hadi leo. Mvuno wa 2008 ulitolewa mwaka 2009 dunia ikiwa kwenye msukosuko wa fedha, bei zikashushwa, na walionunua wengi walifaidika. Mwaka 2020, katikati ya janga la Uviko, mvuno wa 2019 nao ulitolewa kwa bei iliyopunguzwa. Lakini mvuno wa 2010, mzuri ajabu kwa ubora, ulitolewa ghali kiasi kwamba kwa miaka mingi baadaye chupa nyingi zilipatikana kwa bei ile ile au pungufu. Château Latour, mojawapo ya mashamba matano ya daraja la kwanza, lilitangaza mwaka 2012 kwamba linaacha kabisa kuuza kwa mtindo huu; sasa linatoa mvinyo ukiwa umekaribia kunyweka.

Fanya hesabu hii kabla ya kulipa. Tuseme kasha la chupa 12 linauzwa euro 600. Fedha hiyo ingekuzalia asilimia 5 kwa mwaka mahali pengine, baada ya miaka 10 ingekuwa karibu euro 977. Ongeza ghala, tuseme euro 15 kwa mwaka kwa miaka 8 tangu kasha lifike: 120. Jumla inakaribia 1,100. Sasa tafuta mvuno wa miaka 10 iliyopita wa shamba hilo hilo, wenye alama zinazolingana, uone unauzwaje leo. Ukiupata kwa 800, usinunue wa pipani. Nunua ulio tayari, ambao umeshaonjwa ukiwa chupani. Kwa mashamba mengi na mivuno mingi, jibu huwa hilo.

Sababu inayobaki kuwa nzuri ni ukubwa wa chupa. Mvinyo ukiwa pipani unaweza kuagiza magnum za lita 1.5 au nusu chupa, na baadaye hizo ni adimu. Sababu nyingine ni mashamba madogo ya Pomerol, eneo la huko huko Bordeaux, ambayo mzigo wake huisha mapema na haurudi sokoni kirahisi.

Hatari kubwa kuliko zote ni muuzaji mwenyewe. Kwa miaka miwili unashikilia karatasi, na karatasi hiyo haina nguvu ya stakabadhi ghalani tuliyoizoea kwenye korosho, ambapo mzigo umeshapimwa na uko ndani. Muuzaji akifilisika kabla mvinyo haujafika, wewe ni mmoja wa wadai, basi. Muulize mambo matatu kwa maandishi: ana mgao uliothibitishwa na mfanyabiashara wa Bordeaux, au anauza asichokuwa nacho akitegemea kukitafuta baadaye? Mvinyo ukifika, utaandikwa kwa jina lako ghalani, kila kasha na namba yake, au utachanganywa na mali ya duka? Bima inalipa bei ya soko ya siku hiyo, au ile uliyonunulia? Anayezungukazunguka kwenye swali la kwanza, achana naye.

Kisha kuna jambo linalomhusu mtu wa huku kuliko mtu wa Paris. Mvinyo huu unataka nyuzi 12 hadi 14, unyevu wa asilimia 70 hivi, giza na utulivu. Chumba cha kawaida Mtwara au Lindi mwezi wa Januari kinapita nyuzi 28. Kwa joto hilo mvinyo hutanuka, kizibo kinasukumwa juu, unyevunyevu mwekundu unatokeza chini ya kifuniko, hewa inaingia. Ladha ya tunda safi inageuka kama jamu iliyoungua. Kwa hiyo acha makasha kwenye ghala la forodha Ulaya hadi mwaka wa kuyanywa, na leta kidogo kidogo. Kule ushuru haulipwi mpaka mzigo utoke.

Ukiamua kuleta, lenga Juni hadi Agosti, kusi inapovuma na hewa imepoa. Mzigo ukishuka Dar es Salaam, bado kuna barabara ya zaidi ya kilomita 550: mkataba useme gari lenye ubaridi, au walau safari ya usiku. Epuka masika. Mei 2024 maji yalikata barabara hiyo eneo la Somanga, na mvinyo uliokwama juani ndani ya lori haurudi ulivyokuwa. Weka kwenye bajeti ushuru wa forodha, unaokokotolewa juu ya bei pamoja na bima na nauli, ushuru wa bidhaa, VAT, na stempu za kodi za kielektroniki. Mpe wakala wa forodha ankara kabla mzigo haujaondoka Ulaya.

Mwenye hoteli Mikindani au Msimbati asitegemee friji ya jikoni: ni baridi mno, ni kavu, inatetemeka, na vizibo hukauka. Kabati la mvinyo la chupa 40 lenye kidhibiti cha umeme linatosha, chupa zikilazwa. Umeme ukikatika, usilifungue.

Siku ya kupokea, panga chupa chini ya taa kabla ya kusaini. Pitisha kidole juu ya kila kizibo: kiwe sawa na mdomo wa chupa, kisichomoze. Angalia lebo kama ina michirizi, na kimo cha mvinyo shingoni. Kwenye chupa changa kifike ndani ya shingo, si begani. Yenye kasoro ipige picha pamoja na namba ya kasha, uiandike kwenye hati ya makabidhiano dereva akiwa bado hapo.