Mashine ya kutotolesha mayai ya kuku: iwe na feni au isiwe nayo?

Boksi lisilo na feni halina mambo mengi: balbu, sahani ya maji, matundu ya hewa, basi. Ila joto hupanda juu, kwa hiyo kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa mayai na kisome karibu nyuzi 38.5. Mayai ya pembeni huchelewa. Yabadilishe nafasi kila unapoyageuza.

Feni ndogo ya kompyuta husambaza joto, nawe unashikilia nyuzi 37.5 boksi zima. Mimi nachagua feni. Kasoro yake ni kukausha hewa: angalia maji kila siku, na uyaongeze kuanzia siku ya 18, unapoacha kugeuza. Utando wa ndani ya ganda ukikauka, kifaranga hutoboa ganda kisha hukwama, mdomo ukionekana tunduni, unahema. Inauma sana kukitazama.