Saruni na baiskeli yake

Kitabu cha Tololwa Mollel, My Rows and Piles of Coins (1999), nimeshamsomea binti yangu mara nne. Ni cha Kiingereza, hivyo namtafsiria palepale kitandani. Saruni, mtoto wa Kitanzania, anadunduliza senti zake anunue baiskeli, amsaidie mama yake kubeba mizigo ya sokoni. Muuza baiskeli anapomcheka, binti yangu hunyamaza kabisa, kisha huuliza, "Mama, kwani hazitoshi?" Kwangu hapo ndipo penye utamu wa hadithi nzima. Juzi alivunja kibubu chake, akazipanga sarafu za mia tano sakafuni, nyati wote juu, akahesabu mara mbili. Michoro ya E. B. Lewis inapendeza mno. Natamani nimpatie cha Kiswahili, asome mwenyewe.