Pikipiki za kale za kukusanya: ipi ununue, na tope lililojificha ndani ya kranki

Tangu mwaka huu uanze nimepokea barua pepe kadhaa kutoka kwa wasomaji wanaoishi Uingereza, na kisa chao ni kilekile. Mtu amejibana, ameweka akiba, kisha amepata pikipiki ya miaka ya 1950 au 1960 inayong'aa kuanzia taa hadi ekzosi. Muuzaji anamwambia kwa fahari kwamba injini haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Analipa, anaifurahia wiki mbili tatu, halafu siku moja barabarani injini inanoki. Msomaji mmoja wa Leicester alinitumia picha: konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, imekatika na kutoboa ubavu wa injini, oili imetapakaa. Fundi alipoipasua alikuta njia za oili zimezibwa na tope jeusi, gumu kama nta.

Kwa hiyo sitakuambia ukague kromu, rangi, matairi wala nyaya. Hayo utayaona kwa macho yako, na kila mtu atakukumbusha. Nataka tuzungumzie lile tope, kwa sababu ndilo linalomaliza pesa za watu na wauzaji hawalitaji kabisa.

Tope linatoka wapi

Pikipiki nyingi za Uingereza za silinda mbili za enzi hizo hazikuwa na chujio la oili la karatasi kama tulilozoea leo. Zilikuwa na vichujio vya wavu, ambavyo hushika vipande vya chuma na kuyaachia masizi yapite. Wahandisi walilijua hilo, wakaifanya kranki yenyewe, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, iwe chujio. Ndani ya kranki kuna tundu refu lililovishwa bomba. Kranki ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika, uchafu ulio mzito kuliko oili unarushwa pembeni na kuganda humo, na oili iliyo safi zaidi inaendelea hadi kwenye beringi za konrodi. Ni akili kubwa, na injini hizi zilidumu kwa sababu yake. Lakini tundu lina ujazo wake. Likijaa, oili haipiti tena, beringi zinakauka, na konrodi inafuata.

Kulisafisha maana yake ni kuishusha injini, kuipasua katikati, kuitoa kranki, kufungua kizibo kilichogongwa kwa sentapanchi kisilegee, kisha kulivuta bomba. Kwenye Triumph za 650cc, boliti moja ya flaiwili (gurudumu zito la kranki) hulishika bomba hilo, na fundi asiyejua atalichana akilivuta. Kumwaga oili na kuweka mpya, hata ukifanya hivyo kila maili 1,000, hakuondoi tope lililokwisha kushikamana. Kufunga chujio la kisasa kwenye mrija wa kurudishia oili ni jambo jema na ninalipendekeza kwa kila mtu, ila linazuia uchafu wa kesho tu.

Sasa irudie ile sifa ya muuzaji. Gari la Kijapani la miaka kumi likiuzwa Dar es Salaam au Nairobi, injini isiyofunguliwa ni habari njema. Kwa pikipiki ya Kiingereza kama BSA ya mwaka 1957 ni habari kwamba tope la miaka zaidi ya 60 bado limo ndani, sehemu kubwa yake kutokana na oili za zamani zisizo na kemikali za kusafisha.

Huwezi kuliona tope bila kufungua, ila dalili zipo. Fungua kifuniko cha tangi la oili, ingiza kidole au kijiti mpaka chini. Ukitoka na uji mweusi mzito, kranki imekula huohuo. Muulize muuzaji kranki ilitoka lini, nani aliisaga, na shell za beringi (maganda yanayoizunguka kranki) ni za saizi gani. Aliyeifanya kazi hiyo kweli ana risiti, na mara nyingi ana picha, kwa sababu kila mtu aliyewahi kulitoa bomba lile hupiga picha ya kilichotoka. Asiye na risiti wala picha hakuifanya.

1. BSA A10

Mimi ni mtu wa BSA na sifichi. Kampuni ilianzishwa na mafundi bunduki wa Birmingham mwaka 1861, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, na pikipiki yake ya kwanza ilitoka kiwandani Small Heath, mtaa wa Birmingham, mwaka 1910. Novemba 1940 kiwanda kilipigwa mabomu na wafanyakazi wakafia humo. Hata hivyo wakati wa vita walitengeneza zaidi ya pikipiki 120,000 za M20 kwa ajili ya jeshi. Baada ya vita, tangazo lao lilijivunia kwamba katika kila pikipiki nne moja ni BSA.

A10 ilitangazwa mwishoni mwa 1949 kwa jina la Golden Flash, 646cc, ikiwa na rangi ya hudhurungi ya dhahabu ambayo bado ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho yangu. Aliyeibuni ni Bert Hopwood, ambaye alikuwa amefanya kazi chini ya Edward Turner, kisha akaibuni Norton Dominator. Ndani ya A10 utaona mtu aliyekwisha kujifunza: kranki nene, injini isiyopenda kupiga kelele, vitu vichache vya kulegea. Toleo lenye swingamu (mkono wa nyuma unaopanda na kushuka na gurudumu) kuanzia 1954 linaendesheka vizuri zaidi kuliko la mwanzo lenye plunja, yaani springi fupi za nyuma, na Super Rocket ya 1958 hadi 1963 ndiyo ninayompendekezea mtu anayetaka kuendesha, si kuegesha tu.

Mtego wa tope inao, sawa na wenzake. Ina pia bushi ya shaba (pete inayoishika kranki) upande wa taiming, penye gia za kuendesha vali, ambayo oili hupitia kuingia kwenye kranki. Ikilika, shinikizo linavuja kabla ya kufika kwenye konrodi. Tope na bushi huenda pamoja: muuzaji aliyesafisha kimoja bila kupima cha pili amefanya nusu ya kazi. Hata ukijumlisha gharama ya kuipasua na kuijenga upya, A10 nzuri bado inakuachia chenji ukiilinganisha na Triumph ya umri wake, na spea zake zinatengenezwa mpaka leo.

Jihadhari na BSA Rocket Gold Star ya 1962 na 1963. Ziliundwa chache, zinazouzwa ni nyingi. Watu wanachukua injini ya A10, wanaiweka kwenye fremu ya Gold Star ya silinda moja, na bei inapaa. Fremu ya Gold Star ya silinda moja ina bomba la chini upande wa kulia lililopindwa kupisha pampu ya oili. Fremu halisi ya Rocket Gold Star haina mpindo huo. Piga magoti, angalia.

2. BMW za kabla ya 1969

R50/2, R60/2 na R69S zilitengenezwa Munich hadi 1969, na anayezipenda huzipenda kwa haki: shafti badala ya cheni, kila boliti inakaa sawasawa, injini inapumua bila haraka. Baada ya vita BMW ilikuwa imekipoteza kiwanda cha Eisenach, kilichobaki upande wa Wasovieti, ikaanza upya na R24 ya silinda moja mwaka 1948. Kutoka hapo hadi R69S ya nguvu farasi 42 ni kazi ya kuheshimiwa.

Wengi wanadhani ubora wa Kijerumani unawaokoa na habari ya tope. Hauwaokoi. Kwenye kranki za BMW hizi kuna sahani mbili zinazorusha oili na kunasa uchafu kwenye kingo zake. Zikijaa, beringi za konrodi zinakosa oili, na kwa kuwa kranki imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa, kuijenga upya ni kazi ya wachache na wanajua thamani yao. Uliza kuhusu sahani hizo kwa jina la kazi yake. Muuzaji akikutazama bila kuelewa, umepata jibu. Mfululizo wa /5 uliotoka 1969 uliziacha sahani na kuleta chujio la karatasi, kwa hiyo asiyetaka wasiwasi aanzie hapo.

3. Triumph Bonneville T120

Najua wengi wenu mlitegemea kuiona juu. Speed Twin ya Edward Turner, iliyoonyeshwa 1937, ndiyo iliyomfundisha kila mwenye kiwanda Uingereza kutengeneza silinda mbili zilizosimama pamoja. Bila hiyo A10 isingekuwepo. Mabomu yalikiharibu kiwanda cha Coventry mwaka 1940, Triumph ikahamia Meriden mwaka 1942, na mwaka 1951 ikanunuliwa na BSA. Jina Bonneville lilitoka kwenye jangwa la chumvi la Utah, ambako Johnny Allen alikimbia maili 214 kwa saa kwa injini ya Triumph mwaka 1956. T120 ikafuata kama modeli ya 1959.

Ni pikipiki nyepesi, kali, na sauti yake inaamsha damu. Tatizo langu ni bei. Ile ya 1959 yenye rangi ya chungwa na kijivu, ambayo wakati wake ilikuwa ngumu kuuzika Marekani, leo inaombewa pesa ambazo zingenunua A10 safi, karakana ya kuitunzia na zana. Na ndani ya kranki ni tope lilelile. Ukitaka Triumph, chukua ya 1963 hadi 1970, iliyounganisha injini na gia boksi, na pesa iliyobaki uipeleke kwenye kranki.

4. Norton Commando 850

Commando ya 1967 na kuendelea ilizuia mtikisiko kwa kuiweka injini kwenye raba, na wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News waliichagua pikipiki ya mwaka mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972. Kranki yake ni vipande vitatu vilivyofungwa kwa boliti, na katikati pana uwazi unaojaa uchafu. Kinachoipa alama kwangu ni kwamba kuanzia 1972 ilipata chujio la oili la kopo, linalobadilishwa kwa dakika chache. Nunua ya 828cc, ndiyo inayoitwa 850. Ya 750 aina ya Combat ya 1972 ilisifika kwa kuua beringi kuu za kranki. Iache kama haina risiti za kurekebishwa.

5. Honda CB750

Kwa kipimo changu mwenyewe ilistahili kuwa ya kwanza: ilipofika 1969 ilikuja na silinda nne, breki ya diski mbele, starta ya umeme, na chujio la karatasi mbele ya injini. Inakusanywa sana, hasa zile za mwanzo zenye kasha za injini zilizomiminwa kwenye kalibu za mchanga, ambazo ni 7,414. Naiheshimu kabisa. Ila moyo wangu uko Small Heath, na huu ni mwongozo wangu.

Honda ndogo nazo ni somo zuri. Fundi wa bodaboda aliyefungua kifuniko cha kulia cha injini ya aina ya CG125 anakijua kikombe kinachozunguka na kukusanya uchafu. Ni wazo lilelile la Waingereza, ila limewekwa mahali ambapo fundi analifikia bila kuipasua injini.

Za bei nafuu

BSA Bantam, iliyotokana na DKW ya Kijerumani, ina injini ya mipigo miwili (two-stroke), oili inachanganywa na petroli, tope halina pa kukaa. Enfield Bullet zilizotengenezwa Madras, India, tangu miaka ya 1950 zinapatikana kirahisi. Zote zinafaa kujifunzia.

Kuhusu bei na wauzaji

Mwaka 2016 kulinadiwa nchini Uingereza Brough Superior ya miaka ya 1930 iliyokaa ghalani Cornwall miongo mingi, ikiwa imebomoka na kushika kutu, ikafika pauni 331,900. Mwaka 2018 Vincent Black Lightning moja iliuzwa Las Vegas kwa dola 929,000. Hizo ni mashine adimu, na sigombani na mwenye pesa zake. Ninachogombana nacho ni kilichofuata. Kila mwenye pikipiki yenye vumbi sasa anaiacha na vumbi lake, anaipiga picha karibu na nyasi kavu, na anadai ni hazina ya ghalani. Vumbi limekuwa kitu cha kulipiwa. Pikipiki iliyolala miaka 30 ina tope lililokauka, siili zilizopasuka na kutu kwenye silinda. Inapaswa kushuka bei, nayo inapanda.

Kuna na wanaogonga upya namba za injini na fremu. Uingereza gari au pikipiki iliyotimiza miaka 40 inaweza kusamehewa kodi ya barabara, na namba ya zamani ya usajili inaongeza thamani, hivyo kishawishi ni kikubwa. Klabu ya pikipiki za kale ya VMCC, iliyoanzishwa 1946, inatunza vitabu vya viwanda vinavyoonyesha injini na fremu zipi zilitoka pamoja. Omba cheti kabla ya kutoa amana, na angalia kama chuma kilichozunguka namba kimesuguliwa na grenda.

Linaloniudhi zaidi ni bei za "imejengwa upya". Watu wanalipa maelfu ya pauni juu kwa maneno hayo mawili, kisha wanagundua kilichojengwa upya ni tangi na viti. Mwambie muuzaji akuandikie kwenye stakabadhi: kranki imetolewa, bomba la tope limesafishwa, tarehe, jina la karakana. Akikataa kuandika, toa kwenye bei gharama yote ya kuipasua injini, ukiwa umeiulizia mapema kwa fundi utakayemtumia. Akikataa na hilo, funga pochi. A10 zinatangazwa kila wiki.