Tahadhari: "mafuta ya homoni" ya kuotesha nywele, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna mtu anauza "mafuta ya homoni" ya kuotesha nywele. Anayazungusha kwenye magrupu ya WhatsApp ya kina mama hapa Unguja, na mzigo wake umeshafika Chake na Wete. Jina lake siandiki. Namba huibadilisha kila akilalamikiwa, kwa hiyo kuishika namba hakutokufaa kitu. Mjue kwa maneno yake, maana hayo habadilishi.

Chupa yenyewe ni ndogo, nyeusi, ya kudondoshea, ina sitika ya ua na maneno "asilia, hurekebisha homoni". Jina la dawa hakuna, kiwanda hakuna, tarehe ya kuisha hakuna. Bei 45,000, pesa kwanza kwa simu, mzigo baadaye kwa bodaboda. Wa Pemba huambiwa wasubiri boti. Wako waliolipa na hawakuletewa chochote, na hao kwa kweli ndio nawaona wamenusurika.

Kabla ya kukuuzia atakupima. Anakushikisha kichuma chenye waya ulioingia kwenye kompyuta, na kabla hujakaa sawa karatasi ya rangi imeshatoka: ini, figo, mifupa, na mwisho homoni "zimevurugika". Sijasikia hata mmoja aliyeambiwa homoni zake nzima. Jamani, homoni hupimwa kwa damu, maabara, na kwa mwanamke baadhi yake hutegemea hata siku gani ya hedhi damu imetolewa. Kichuma cha kushika mkononi hakisomi homoni ya mtu yeyote.

Mie nafanya kazi duka la dawa, ndo maana watu huniletea chupa hizi niwaambie kilichomo. Kwa macho na pua hakijulikani, lakini wanayonieleza yanafanana: kichwa kuwasha na kutoka ukurutu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, vinywele vipya kipajini na mashavuni. Hayo ni madhara yanayojulikana ya minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, na naelekea kuamini ndiyo iliyomo angalau kwenye baadhi ya chupa.

Minoksidili si siri ya mtu. Ilianza kama kidonge cha presha, kikaruhusiwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaota nywele wasikozitaka, ndipo ikatengenezwa ya kupaka, ikaruhusiwa kwa wanaume 1988 na kwa wanawake 1991. Kazi yake ni palepale inapopakwa. Ngozi ya kichwa huigeuza ikawa minoksidili salfeti, mishipa midogo ya damu hutanuka, na mashina ya nywele yaliyolala huamka na kukaa muda mrefu zaidi kwenye kipindi cha kuota. Testosteroni, homoni ya kiume, dawa hii haiipandishi wala haiishushi. Estrogeni, ya kike, vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia anakupaka kichwani kitu cha "kurekebisha homoni", na kilichomo ni minoksidili, ameshakudanganya kabla hujafungua kifuniko.

Sasa tazama anavyoila pesa yako. Wiki za mwanzo za minoksidili nywele huzidi kudondoka, kwa sababu zile kongwe zinazipisha mpya. Jambo hili linajulikana, na muuzaji mwaminifu hukueleza kabla hujalipa. Yeye anyamaza. Ukimpigia unalia, anakujibu kwa sauti ya upole, "dada, hizo homoni chafu zinatoka," na anakuuzia chupa ya pili "ya kusafishia". Ukivumilia kama miezi minne, muda ambao dawa hii kwa kawaida huanza kuonesha kitu, na nywele zikaota kweli, sifa anazichukua yeye, na picha yako anaipeleka kwenye magrupu bila kukuuliza. Ukiacha, zile zilizoota kwa nguvu ya dawa huanguka ndani ya miezi michache, maana dawa haipo tena. Hapo anakuja na "si nilikwambia? Homoni zimeshuka tena." Chupa ya tatu. Kila tabia ya kawaida ya dawa ameitungia hadithi, na kila hadithi ina bei yake.

Wengine huniuliza, kwani homoni hazihusiani na nywele? Zinahusiana, tena sana, na uongo wake unasimama juu ya ukweli huo. Upara wa wanaume hutokana na DHT, homoni ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. DHT hudhoofisha mashina ya nywele ya utosini kwa aliyerithi udhaifu huo. Mwaka 1942 mtafiti wa Marekani, James Hamilton, alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe hawapati upara, na baadhi yao wakipewa testosteroni nywele zinaanza kutoka. Lakini mwenye upara si lazima awe na homoni nyingi kuliko kaka yake mwenye nywele. Mara nyingi homoni ni zile zile, mashina ndiyo yanayotofautiana kwa kuzihisi.

Dawa inayogusa homoni kweli ipo, inaitwa finasteridi. Huzuia testosteroni isigeuke DHT, na kidonge chake cha miligramu 1 kiliruhusiwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Kwa wanaume, nasisitiza. Mjamzito hatakiwi hata kushika kidonge chake kilichovunjika, kwa sababu inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Siku hizi kuna watu wanaichanganya kwenye maji ya kupaka wakidhani ikipakwa inabaki kichwani. Haibaki, huingia kwenye damu na DHT ya mwili mzima hushuka. Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya michanganyiko hiyo, baada ya kupokea taarifa 32 za madhara kati ya 2019 na 2024: huzuni nzito, kukosa usingizi, nguvu za kiume kupungua.

Basi muuzaji huyu mchukulie kwa maneno yake mwenyewe. Ikiwa chupa hairekebishi homoni, amekuibia. Ikiwa inazigusa kweli, ametia dawa ya wanaume kwenye chupa isiyo na jina na kumuuzia mwanamke ambaye hakumuuliza hata kama ana mimba.

Wanaonasa zaidi ni waliojifungua karibuni. Binti mmoja wa mtaani kwetu, mtoto wake ana miezi minne, alikuwa akichana nywele zinatoka kwa mafumba. Akapimwa kwa kichuma, akaambiwa homoni zimekufa. Masikini, hakuna aliyemwambia kwamba ujauzito huzishikilia nywele kichwani kwa sababu estrogeni iko juu, na baada ya kuzaa ikishuka zile zote zilizochelewa hudondoka pamoja, kwa kawaida kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Wengi hurudi hali yao ndani ya mwaka bila ya kupaka kitu. Yeye alipaka, tena kwenye ngozi iliyokuwa na vidonda vya dawa ya kunyooshea, ambako dawa hupenya zaidi, na huku ananyonyesha. Minoksidili haipendekezwi kwa anayenyonyesha. Alikuja dukani anatetemeka, moyo unamwenda mbio, nikampeleka spitali mwenyewe. Yuko salama, alhamdulillah. Mfanyabiashara alipopigiwa alisema mtoto ndiye anayemnyonya homoni.

Vijana mnaotafuta ndevu, na nyinyi msicheke. Chupa ile ile inauzwa kwenu kwa sitika nyengine, "huongeza homoni za kiume". Haiongezi. Na ukimbeba mwanao mchanga shavu lina dawa, unampaka na yeye; vitoto vimeshaota manyoya mwilini kwa namna hiyo. Hata paka wa nyumbani dawa hii humdhuru vibaya, akiramba kidogo tu.

Kama unayo chupa hii, acha kuipaka leo. Ukisikia moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, miguu au uso umevimba, nenda spitali na chupa yako mkononi. Mwenye mimba amwambie daktari hata kama hajisikii chochote. Nywele zikitoka, anza kwa kupima damu na tezi ya shingo, na mwambie daktari unavyosuka, maana nyingi ninazoziona hapa zinang'olewa na misuko ya kukaza, zinaanzia pembezoni mwa uso. Akikuandikia minoksidili, ile halali ina boksi, jina la dawa, asilimia (2 au 5), kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ukikosa kimoja katika hivyo, irudishe.

Chupa msiitupe. Iwekeni pamoja na karatasi ya kipimo, ujumbe wa malipo na sauti alizowatumia, mpeleke Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Malalamiko bila ya chupa hayafiki mbali, kwa sababu kinachotakiwa kupimwa ni kile kilichomo ndani. Mlio Wete na Mkoani ambao mzigo haujawafikia na pesa mmeshatuma, piga mtandao wa simu mara moja muombe muamala uzuiwe, kabla hajaitoa.