Kituo cha wafanyakazi wahamiaji karibu na Dora, Beirut, na Anti anayestaafu

Kina dada wanaokuja Lebanon kufanya kazi za nyumba huniuliza: nikipata shida nikimbilie wapi? Mimi huwaelekeza kwenye kituo kilicho karibu na mzunguko wa Dora, mashariki mwa Beirut. Jina lake na mlango sitaviandika hapa, kwa sababu wanaokitafuta si wenye shida peke yao. Ukifika Dora siku ya Jumapili, pale penye maduka ya vyakula vya Kihabeshi na Kifilipino na foleni za kutuma pesa nyumbani, muulize dada yeyote Mkenya. Atakupeleka.

Huduma zote ni bure. Mtu akikudai hata dola moja ya fomu, jua umeingia kwingine. Kuna darasa la Kiarabu, darasa la Kiingereza, msaada wa kumpata wakili, na jiko la kupikia mlo wa pamoja. Nafasi ni finyu. Umeme ukikatika, na Beirut hukatika kila siku, wanafunzi husogea dirishani na somo linaendelea. Ngazi ni nyingi, kwa hiyo ukiwa na maumivu ya mgongo au mguu piga simu ukiwa chini, mtu atakushukia.

Lakini kilichonifanya niandike ni Anti, anayestaafu sasa. Ni mama wa Sri Lanka aliyefika Lebanon vita vya wenyewe kwa wenyewe havijaisha, akafua na kupiga deki nyumba za watu kama sisi. Kituoni hakulipwa. Alikuja Jumapili, siku yake ya kupumzika, na jioni akishatoka kwa madamu wake.

Anti hakukalishi mbele ya meza kama mshtakiwa. Huvuta kiti ukae ubavuni mwake, mtazame daftari moja. Kwanza chai. Kisha huuliza: pasipoti yako iko wapi? Mshahara wa mwisho ulilipwa lini? Nyumbani kwenu nani anajua uko hapa? Anaandika unavyosema, anakusomea, na neno likiwa silo analikata umwone akilikata. Ndipo unatia sahihi. Mimi nilikuwa nimezoea kuandikiwa mambo yangu na ajenti kwa lugha nisiyoisoma, na siku ile nilishika kalamu mkono ukitetemeka.

Shida yangu ilikuwa mshahara. Kabla ya mwaka 2019 dola moja ilikuwa kama lira 1,500. Lira ilipoporomoka, bosi wangu aliendelea kunilipa kwa hesabu ileile ya zamani, na nikipeleka noti hizo kwa wabadilishaji nilipata dola za kuhesabu kwa vidole. Anti hakumpigia simu kwa niaba yangu. Alinifanya nichore jedwali: mwezi, tulichopatana, nilichopokea, bei ya dola siku hiyo. Nilipolijua kwa moyo, akaniambia, "Piga wewe. Sema polepole, taja tarehe." Akakaa kando yangu simu ikiita. Pesa zilikuja kidogo kidogo, na si zote, lakini pasipoti ilirudi mkononi mwangu.

Nampenda pia kwa kuwa hakunipa matumaini ya uongo. Aliniambia waziwazi kwamba Sheria ya Kazi ya Lebanon ya mwaka 1946, kifungu cha 7, inawaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, na kwamba chini ya kafala, yaani mfumo wa udhamini, ikama yako (kibali cha kuishi nchini) imefungwa kwa kafili, mwajiri anayekudhamini. Mkataba mpya wa kazi za nyumbani ulitangazwa Septemba 2020, na mwezi uliofuata Baraza la Shura, mahakama ya juu ya kesi za kiutawala, likausimamisha. Ukijua ukweli huo unajipanga vizuri zaidi kuliko ukiahidiwa miujiza.

Mwaka 2020, baada ya mlipuko wa bandari wa tarehe 4 Agosti, na tena vita vilipopamba moto mwaka 2024, wasichana waliachwa barabarani na mabegi yao. Shule nyingi zilizofunguliwa kuwapokea waliokimbia mabomu hazikutupokea sisi wageni. Anti alizunguka na daftari lake akiandika nani amelala wapi, nani ana mtoto, nani hana dawa. Sisi Wakenya hatuna ubalozi kamili Beirut. Unaotushughulikia uko Kuwait. Kwa wengi wetu wakati ule, daftari hilo lilikuwa ndiyo orodha pekee yenye majina yetu.

Siku ya kumuaga tulipika pilau, Wahabeshi wakaleta injera, Wafilipino tambi zao. Tukamfunga leso iliyoandikwa "Wema hauozi", akacheka na kulia pamoja. Hotuba yake ilikuwa fupi. Alikabidhi funguo kwa dada wa Kameruni na daftari kwa dada wa Ethiopia mbele yetu sote, kisha akapita kwa wasichana wapya mmoja mmoja akiwataka wataje namba ya kituo bila kutazama simu. Aliyekosea alirudia. Pilau ilipoa, hakuna aliyemharakisha.

Upungufu upo. Mkalimani wa Kiswahili hapatikani kila Jumapili, na sisi tuliokaa muda mrefu tunapaswa kuziba pengo hilo sasa. Kubwa zaidi, anayefungiwa ndani hawezi kufika kabisa. Huyo atume ujumbe usiku madamu akilala. Hujibiwa, na waliobaki wameahidi kuendelea hivyo.

Ukienda, beba nakala ya pasipoti, mkataba hata ukiwa wa Kiarabu, na risiti za pesa ulizotuma nyumbani, maana hizo huonyesha ulilipwa lini. Fika kabla ya saa sita mchana. Mchana viti hujaa, na wenye kesi husubiri hadi jioni.